NINGI, MANJU NA MTUNGA NGOMA

Katika lugha yetu ya Kiswahili mtu atungaye mashairi ana jina lake, naye ni mshairi au malenga. Apigaye ngoma kwa ustadi huitwa sogora. Na yule atoaye nyimbo katika ngoma na kuwaongoza wenziwe huitwa manju. Lakini mtu abuniye miendo yenyewe ya ngoma, yaani apangaye miguu ikanyage wapi, mabega yatikisike lini, na duara livunjike kwa neno gani la wimbo, mtu huyo hana jina moja lililokubaliwa na wote. Wengine humwita mwalimu wa ngoma, wengine msanifu wa dansi, na wengine hawamtaji kabisa. Ngoma ikichezwa uwanjani hutangazwa kuwa ni ngoma ya Wasukuma, ama ya Wamakonde, ama ya Wazaramo, kana kwamba imeota yenyewe kama nyasi za kondeni.

Upungufu huu si wa msamiati tu. Kazi isiyo na jina ni vigumu kuiona, na kazi isiyoonekana haitunzwi. Makusudi ya makala haya ni kuitazama kazi ya kutunga ngoma katika nchi ya Usukuma, kusini ya ziwa Viktoria, ambako mtunga ngoma ana jina na cheo tangu zamani. Kisha tutauliza swali lenye kuwahusu wote washughulikao na urithi: mtu achukuaye ngoma ya wazee wake na kuipeleka jukwaani, aiguse kwa kiasi gani ndipo iwe bado ni ya wazee wake?

Yafaa kuanza na maneno. Kiswahili hutumia neno ngoma kwa mambo mengi. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni mchezo uchezwao kwa chombo hicho. Ngoma ni mkutano wenyewe wa watu, na pengine ni shughuli ya jando, unyago au uganga iliyoambatana na mchezo. Kadhalika kitenzi kucheza ni cha watoto wachezao mpira na cha wakubwa wachezao ngoma. Kisukuma hutenga. Chombo ni ng'oma, na mchezo ni mbina. Kitenzi chake ni kubina. Shina hili si la Wasukuma peke yao, kwani katika Kilingala cha Kongo kucheza ngoma ni kobina. Kiswahili, basi, kimeuingiza mchezo ndani ya jina la chombo, na kwa njia hiyo kimemfanya mpigaji aonekane zaidi kuliko mchezaji. Pengine hii ni sababu mojawapo iliyotufanya tuwe na sogora na manju, lakini tusiwe na jina la mtunga miendo.

Hata hivyo tunacho kitenzi kizuri cha kazi yake, nacho ni kutunga. Maana yake ya asili ni kupitisha uzi katika vitu vingi hata viwe kitu kimoja: mtu hutunga shanga, na mvuvi hutunga samaki katika ugwe hata ukawa mtungo. Ndipo tukasema kutunga wimbo, kutunga hadithi na kutunga sheria. Atungaye shanga hazifanyi yeye shanga zenyewe, amezikuta. Lakini mpango wa rangi ni wake, na watu wakiutazama ushanga humjua mtungaji. Tutaona kwamba mfano huu wafaa sana kwa ngoma.

Kwa Wasukuma mtungaji huyu huitwa ningi, na wakiwa wengi ni baningi. Ningi hutunga nyimbo, huziimba mbele ya kikundi chake, huwafundisha wachezaji miendo, huamua nani asimame mbele na nani nyuma, na siku ya mashindano ndiye ajibuye kwa ushindi au kwa fedheha. Kazi ambazo katika miji yetu zimegawanywa kwa watu watatu au wanne, yeye huzikusanya katika nafsi moja. Sababu yake ni kwamba katika mbina wimbo na mwendo havitengani. Neno la mwisho wa ubeti ndilo liuambiao mguu ugeuke, na ukimya baada ya neno hilo huipa ngoma nafasi ya kuitika. Akitunga mmoja maneno na mwingine miendo bila kusikilizana, mchezo hupwaya.

Ili kufahamu namna ningi anavyotunga, hatuna budi kuvijua vyama viwili vikubwa vya ngoma vya Usukuma, yaani Bagika na Bagalu. Masimulizi ya wazee husema kwamba katika karne ya 19 walikuwako mafundi wawili wa ngoma na dawa, jina la mmoja Ngika na la wa pili Gumha. Kila mmoja alijidai kuwa dawa yake yashinda ya mwenziwe. Wakapatana kushindana kwa ngoma mbele ya watu, ili umati wenyewe uwe hakimu. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu, na mashindano hayo hayajaisha hata leo.

Mwanafunzi wa lugha atapendezwa na muundo wa majina haya. Kiambishi ba- hutaja watu, kama wa- katika Kiswahili. Kiambishi bu- hutaja chama, kazi au mchezo wenyewe, kama u- yetu. Hivyo Bagika hucheza Bugika, na Bagalu hucheza Bugalu. Bayeye, washikao nyoka, wana Buyeye. Na wawindaji wa nungunungu wana Bununguli. Wigashe ni mchezo wa vijana wachezao wakiwa wameketi, nalo jina lake latokana na kwigasha, yaani kukaa. Na mbina ijulikanayo kuliko zote nje ya Usukuma, Bugobogobo, ni ya wakulima walimao pamoja kwa mdundo, nao huirusha jembe juu, hulizungusha na kulidaka. Twaona kwamba karibu kila mbina imezaliwa katika kazi: kulima, kuwinda, kukamata nyoka. Kiambishi kimoja huibeba kazi pamoja na mchezo wake, kwa kuwa kwa wenyewe vitu hivyo vilikuwa kimoja.

Utaratibu wa mashindano wastahili kuelezwa kwa uangalifu, maana ndani yake mna kanuni nzima ya utungaji. Baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, vikundi viwili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kikundi mahali pake. Hapana jopo la waamuzi wenye karatasi. Watazamaji wa huru kwenda huku na huko. Wakivutwa na upande huu hukimbilia huku, na wakichoshwa huhama. Kikundi chenye umati mkubwa ndicho kilichoshinda.

Natutafakari jambo hili lampasaje ningi. Kwanza, hawezi kuwa na mchezo wa jana tu, kwa sababu mpinzani wake ameuona jana na leo amekuja na jibu. Ndiyo maana mbina za Usukuma zimejaa mambo ya kustaajabisha: watu watembeao juu ya miti mirefu, sanamu za mbao zenye viungo vya kuchezeshwa, chatu aliyezungushwa shingoni, sarakasi na vichekesho. Pili, hawezi kutunga fumbo lisilofahamika, kwa kuwa asiyefahamu huondoka. Tatu, hawezi kuwaacha wazee, maana mtazamaji wa Kisukuma huja akiijua mbina, na akiona miguu imepotea humcheka mtungaji na kuhamia kwa jirani. Ningi yu kati ya mambo matatu: upya, uwazi na asili. Akipoteza moja, umati unampungua papo hapo mbele ya macho yake.

Kuhusu asili kuna jambo la ndani zaidi. Mtu haingii Bugika wala Bugalu kwa kupenda mchezo tu. Huingizwa na mkubwa wake, naye mkubwa aliingizwa na mwingine, hata nasaba ifike kwa mwenye kuanzisha. Pamoja na mafundisho hayo hupokea dawa, iitwayo samba, ya kuvuta watu na kujilinda na hila za wapinzani. Masamva, yaani mizimu ya wazee waliotangulia, hukumbukwa kabla ya kuingia uwanjani. Kwa hiyo ningi ana ukoo wa aina mbili, ukoo wa damu na ukoo wa ngoma, na huu wa pili ndio umpao haki ya kutunga. Habari za Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936, zaonyesha jambo hilo. Jina lake lilikuwa Igulu Bugomola. Lakabu ile huelezwa kwa malundi, yaani miguu yake mirefu. Leo watu humtaja kwa miujiza, kwamba alinyosha kidole mti ukakauka. Lakini kabla ya hayo sifa yake ilikuwa ni ya uwanja wa ngoma. Masimulizi hayo yametuhifadhia fikra moja ya zamani: kwamba nguvu ya kuvuta umati na nguvu ya uganga hutoka katika chemchemi moja.

Wamisionari wengi wa kwanza waliiogopa chemchemi hiyo, wakawazuia waumini wasicheze. Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alishika njia nyingine. Katika miaka ya 1950, huko Bujora karibu na Kisesa, mwendo wa kiasi cha kilomita 20 mashariki ya mji wa Mwanza, alijenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, akakusanya pamoja na wazee ngoma, viti vya watemi na vyombo vya kazi hata ikawa makumbusho ya Wasukuma. Aliikaribisha mbina katika sikukuu ya Ekaristi, na sherehe hiyo ikaitwa Bulabo, jina litokanalo na neno la Kisukuma la maua. Bagika na Bagalu wakaendelea kushindana, safari hii katika uwanja wa misheni. Wako waliosema kwamba dini imebatizwa ngoma, na wako waliosema kwamba ngoma imebatizwa dini. Kwa shabaha yetu yatosha kusema kwamba utaratibu wa viwanja viwili na umati wa huru haukuvunjwa. Na kwa sababu haukuvunjwa, ningi aliendelea kuwa na kazi.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka jukwaani. Mwalimu Julius Nyerere, alipohutubia Bunge mwezi wa Desemba 1962 baada ya kuwa Rais, alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba wasomi wengi walifundishwa dansi za Kizungu huku ngoma za kwao hawazijui. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, kikakusanya wachezaji wa makabila mbalimbali. Bugobogobo ya Wasukuma na sindimba ya Wamakonde zikachezwa mbele ya wageni wa serikali na katika nchi za nje. Kikundi kile baadaye kilivunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Faida ya kazi ile ni kubwa, wala haifai kuibeza. Kijana wa Mtwara aliijua Bugobogobo, na kijana wa Shinyanga akaijua sindimba. Lakini jukwaa lina sheria zake. Mchezo wa mchana kutwa hufupishwa uwe wa dakika chache. Duara, ambalo wachezaji na watazamaji walilishika pamoja, hunyoshwa kuwa mistari ielekeayo upande mmoja, kwa sababu watazamaji wote wameketi upande huo. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya siku hiyo na mpinzani yule hubadilishwa uwe wimbo usiobadilika, tena wa kusifu. Na kubwa kuliko yote, hapana kikundi cha pili. Mtazamaji hawezi kuinuka na kuhama; hupiga makofi kwa adabu, mchezo ukiwa mzuri au mbaya. Basi Bugobogobo ilihifadhiwa majembe yake, mavazi yake na mdundo wake, lakini ikapotewa na hakimu wake. Ikawa na mwalimu wa kuirudia, isiwe na ningi wa kuitunga.

Tatizo hili si letu peke yetu. Asadata Dafora, mzaliwa wa Freetown katika Sierra Leone, alionyesha mchezo wake Kykunkor huko New York mwaka 1934, naye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipanga ngoma za Afrika Magharibi kwa jukwaa la Marekani. Pearl Primus, aliyezaliwa Trinidad mwaka 1919 na kulelewa New York, alitunga mchezo wa Kiafrika mwaka 1943 kabla hajaiona Afrika, akitegemea vitabu, picha na makumbusho. Mwaka 1948 alipata msaada wa fedha akasafiri katika nchi kadhaa za Afrika, akaishi na wachezaji na kujifunza kwao. Mchezo wake Fanga, uliotokana na ngoma ya kukaribisha wageni ya Liberia, ulionyeshwa baada ya safari hiyo. Katika maisha yake twaona hatua mbili. Katika ile ya kwanza urithi ni picha, na mtungaji huiga umbo lake. Katika ile ya pili urithi ni watu, na mtungaji huwaendea na kuwa mwanafunzi wao. Hatua ya pili ndiyo ningi aiitayo kuingizwa chamani. Bahari ilimtenga Primus na wazee wake. Sisi tuna wazee karibu, nasi twaweza kuishia katika picha tukizembea.

Na tuitazame Kirumba. Ni kata ya mji wa Mwanza katika Ilemela, ukingoni mwa ziwa. Hapo pana soko la Mwaloni, na mwalo ni mahali vyombo vya ziwani vitiapo nanga. Dagaa na samaki wakavu hupakiwa hapo kwenda mbali, hata Kongo, na wenye kununua na kuuza ni Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wazinza, Waha na wengineo. Hapo pia pana uwanja mkubwa wa michezo wa CCM Kirumba. Lugha iwaunganishayo watu wote hao ni Kiswahili. Mtunga ngoma afanyaye kazi mahali kama hapo ana umati ambao ningi wa kondeni hakuwa nao: watu waijuao furaha ya mdundo, lakini wasioyajua maneno. Akiimba Kisukuma kitupu, nusu ya umati haitacheka pale pa kucheka. Akigeuza kila neno kuwa Kiswahili, mguu utapotea, kwa sababu mizani ya Kisukuma si mizani ya Kiswahili. Kisukuma kina tofauti za toni na za urefu wa irabu; Kiswahili sanifu hakina toni za namna hiyo, bali mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ubeti ukihamishwa lugha, mahali pa kukanyaga pahama pia.

Hapa ndipo mtungaji hupimwa. Njia moja ni kuziacha nyimbo zibaki kama sauti tu, watu wacheze wasichokifahamu. Njia hiyo huonekana kuwa ya heshima kwa wazee, lakini ndiyo iwanyamazishayo, maana wazee walitunga ili wafahamike. Njia ya pili ni kushika mwendo na kutunga maneno mapya ya Kiswahili yatakayoufuata, kiitikio kikibaki cha Kisukuma ili kiushike mguu mahali pake. Kazi hii ni ngumu, nayo yahitaji mtu ajuaye lugha zote mbili pamoja na mbina yenyewe. Mtu huyo ndiye ningi wa mjini, hata kama hajaitwa hivyo.

Watakuwako wasemao kwamba hiyo ni kuharibu mila. Twawajibu kwa ushahidi wa mila yenyewe. Bagika na Bagalu hawakushinda kwa kurudia aliyoyacheza Ngika au Gumha. Walishinda kwa kuzua. Aliyezua kutembea juu ya miti mirefu hakuambiwa kwamba amewasaliti wazee, umati ulimkimbilia. Kwa hiyo mtu aikazaye Bugobogobo isibadilike hata hatua moja amewaacha wazee zaidi kuliko yule aibadilishaye kwa ujuzi, kwa sababu amerithi matunda akauacha mti. Lakini hoja hii isichukuliwe kuwa ruhusa ya kila kitu. Uhuru wa ningi ulikuwa na mipaka miwili, yaani mkubwa aliyemwingiza na umati uliomhukumu. Mtungaji wa leo asiyekwenda kwa mkubwa yeyote, wala asiyethubutu kuhukumiwa na watu waijuao mbina, hana uhuru wa ningi. Ana uhuru wa mgeni.

Yapo mambo matatu ambayo wanachuo wa lugha waweza kuyafanya. La kwanza ni kukusanya istilahi za ngoma katika lugha za makabila pamoja na matumizi yake: majina ya hatua, ya sehemu za mchezo, ya vyeo vya wachezaji. Kiswahili kina haki ya kuazima ningi kama kilivyoazima maneno mengine, au kulipanua neno manju limtaje pia mtunga miendo. Sisi twaona manju lafaa kwa matumizi ya jumla, na ningi libaki kwa mtungaji wa Kisukuma, ili tofauti isifutike. La pili ni kuandika wimbo pamoja na mwendo wake. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, ametuachia hazina kubwa ya nyimbo hizo pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili angali akingoja kitabu cha namna hiyo katika lugha yake. La tatu ni kulitaja jina la mtungaji kila ngoma inapoonyeshwa au kurekodiwa.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho ng'ambo ya maji hayo hayo, aliandika maisha ya watu wake kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, kisha mwenyewe akayatia katika Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Alingoja zaidi ya miaka 30, lakini maneno yalikuwa yameandikwa, na kwa hiyo yalingojeka. Mbina haingojei hivyo. Ningi akifa na nyimbo zake hazikuandikwa, wala hakumwingiza mwingine chamani, hubaki majembe yakirushwa hewani na watu wasiojua kwa nini yanarushwa.